Kidole changu na rimoti

Nimechoka leo na sikupanga kuandika, ila kuna kitu kinanisumbua tangu Jumamosi na nisipokitoa sidhani kama nitalala.

Tulikuwa sebuleni mimi na binti yangu, ana miaka 9, tunaangalia muvi ambayo hata jina sikulishika, imeanza vizuri tu, mara yule kaka na yule dada wakaanza kusogeleana, si mnajua ule muziki ukishapoa na kamera ikisogezwa usoni ujue kinachokuja, basi mkono wangu ukaruka kwenye rimoti kabla akili haijasema chochote. Nikabadilisha chaneli. Nikakohoa na kale kakikohozi ka uongo. Chaneli niliyoangukia kuna wanaume wako kwenye ghala wanamiminiana risasi, mmoja anaporomoka kutoka ghorofani, mwingine anakabwa kwa waya, na mimi nikaweka rimoti chini nikaegemea kochi. Nimetulia kabisa yaani. Tumekaa hapo kama dakika kumi watu wanakufa tu.

Binti akaniuliza, bila ubaya wowote, "Baba, kwani wale wa kwanza walikuwa wanafanya vibaya kuliko hawa?"

Nikamwambia hii ni muvi tu mwanangu, hawafi kweli.

"Na ile si ilikuwa muvi pia?"

Nikamwambia muda wa kulala umefika.

Tangu hapo najihoji. Mimi nimelelewa hivyohivyo, utotoni wakibusiana kwenye TV natumwa maji jikoni, maji ambayo hakuna mtu pale sebuleni alikuwa na kiu nayo, narudi na kikombe nakuta tukio limeisha na wakubwa wote wanaangalia dari. Ila sikumbuki hata siku moja nimetumwa maji kwa sababu mtu anauawa. Hata moja. Na mimi ndo yule yule ambaye nikikaa na wenzangu nalalamika kwamba TV inaharibu maadili, vijana wameharibika, nguo zile, lugha ile. Sijawahi kulalamika kuhusu waya shingoni.

Najua mtu ataniambia lakini kwenye hizo za risasi muovu anakamatwa mwisho, kwahiyo mtoto anajifunza ubaya haulipi. Hiyo nilikuwa naiamini kabisa mpaka nikasoma kuhusu Albert Bandura, yule mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha Stanford aliyewaonyesha watoto wadogo mtu mzima anapiga mdoli mkubwa wa kujaza upepo, anautwanga nyundo, anaukalia, anautukana. 1961 walimwona mtu laivu, 1963 akawaonyesha kwa filamu, na wengi wakaiga, hiyo wengi tunaijua. Lakini kilichonishtua ni jaribio la 1965. Watoto wengine walioneshwa mpigaji akisifiwa, wengine wakamwona anaadhibiwa. Waliomwona akiadhibiwa waliiga kidogo, ukisimamia hapo unasema haya, mwisho mwema umefanya kazi. Afu watafiti wakawaambia watoto atakayeonyesha alichokiona anapata zawadi, na wale wa kundi la adhabu wakakirudia karibu sawa na wenzao! Kumbe walikishika chote. Ile adhabu iliwafundisha tu kutokifanya mbele za watu kwa wakati ule. Nilisoma hiyo nikafunga simu nikakaa kimya.

Mwingine ni George Gerbner, huyu alitumia miaka mingi Marekani kuhesabu ukatili kwenye vipindi, yeye hakuwa na wasiwasi sana kwamba kila mtazamaji ataenda kuua. Alichosema ni kwamba wanaoangalia TV masaa mengi wanaiona dunia ya kutisha kuliko ilivyo, wanaogopa majirani, hawaamini watu. Hapo nikamkumbuka shangazi yangu mmoja (hasomi huku, niko salama) ambaye TV yake haizimwi asubuhi mpaka usiku, na mlango wake una komeo tatu, na ukibisha anataka jina la kwanza na la ukoo ingawa sauti yako anaijua tangu umezaliwa. Shangazi hajawahi kumdhuru mtu. Ila wema wake wa zamani wa kumkaribisha kila anayepita umekwisha, na sisi wote tumesema ni uzee.

Tena hata hayo tunayoita maadili kwenye TV yanahama tukiwa tumekaa. Mwaka 1952 Lucille Ball, mwigizaji wa vichekesho wa Marekani, alikuwa mjamzito kweli kweli, kwenye kipindi chake na yeye anaigiza mjamzito, mumewe wa kwenye kipindi ndo mumewe wa nyumbani, na bado neno lenyewe "mjamzito" lilikatazwa lisitamkwe hewani, ikabidi waseme anatarajia. Mke na mume wa ndoa halali! Leo ukimsimulia mtoto anacheka. Hakuna aliyepiga kura kwamba sasa ruksa, watu walizoea tu kidogo kidogo.

Na sio kwamba kuzoea ni kubaya siku zote, hapa nataka niwe mkweli. Brazil mwaka 1960 mwanamke alikuwa na wastani wa watoto zaidi ya 6, kufika 2000 ni kama 2 na ushee, na wachumi walioichunguza waliona kwamba sehemu zilizofikiwa na stesheni ya tamthilia uzazi ulishuka zaidi. Hizo tamthilia hazikuhubiri uzazi wa mpango. Ila mastaa wake wanawake wengi hawakuwa na mtoto, au walikuwa na mmoja, na nyumba zao zilipendeza, basi. Hiyo ndo inanitisha kuliko mahubiri yoyote, kwamba kitu kinachotubadilisha hata hakisemwi, kiko pale nyuma kama pazia la seti.

Kingine nikimaliza hiki nalala, ni vile vicheko. Vya kwenye vichekesho, ambavyo mara nyingi sio vya watu waliopo, kuna mashine ilitengenezwa miaka ya 50 Marekani ya kubonyeza kicheko kikubwa, kidogo, cha wanawake. Nimegundua binti yangu anacheka mahali mashine inapocheka hata kama hajaelewa utani, na nikifuatilia vizuri, mara nyingi inacheka mtu akidhalilishwa, mnene, kigugumizi, mjinga wa kijijini. Wiki iliyopita mwenzake amejikwaa hapa nje akaumia goti, binti yangu akaanza kucheka kwanza, afu ndo akakimbia kumsaidia. Kwanza akacheka. Sikusema kitu kwa sababu na mimi nilishaanza kutabasamu.

Sasa jana Jumapili jioni rimoti alikuwa nayo yeye. Mimi niko pembeni najifanya nasoma. Akawa anapitapita chaneli, akaangukia wawili wamekumbatiana, wanasogeleana, ule muziki wenyewe. Hata hakunigeukia. Kidole kikaenda chenyewe, akakohoa kidogo, akabonyeza mpaka alipofika penye gari linalipuka na watu wanakimbia wakiwaka moto. Hapo akaweka rimoti juu ya kochi, akakunja miguu, akatulia.