Sakafu ya kizimba cha sungura katika nyumba yenye marumaru

Wageni wengi wanaofika kwangu hapa Dar es Salaam hushangaa kumkuta sungura akizunguka sebuleni, kwa kuwa wao wamezoea kumwona uani, kwenye banda la mbao lenye sakafu ya waya, akisubiri siku ya kuwa kitoweo. Swali la kwanza huwa kuhusu chakula chake. Ni nadra mtu kuuliza analala juu ya nini, ilhali kwa maoni yangu sakafu huchangia afya ya sungura wa ndani karibu sawa na nyasi anazolishwa.

Sababu iko kwenye nyayo zake. Mbwa na paka wana vitakia vya ngozi nene chini ya miguu, lakini sungura hana. Ukimpakata taratibu na kuutazama mguu wake wa nyuma, utaona manyoya tu, na chini yake ngozi nyembamba iliyo karibu sana na mfupa. Akiwa kwenye udongo au majani, ardhi hubonyea, kucha huzama, na uzito husambaa kwenye unyayo mzima. Akikaa muda mrefu juu ya waya au kitu kigumu, uzito huelemea kisigino, manyoya hulika, ngozi hugeuka nyekundu, kisha huchubuka na kuwa kidonda ambacho kisipotibiwa huweza kufika hadi mfupani. Sungura wa aina ya Rex, ambao manyoya yao ni mafupi, huathirika upesi zaidi, na vivyo hivyo sungura wanene.

Mfugaji mwenye mabanda mengi hupenda waya kwa sababu kinyesi na mkojo hudondoka chini na banda hubaki kavu. Hoja hiyo naielewa, lakini ndani ya nyumba, ambako sungura ni mmoja au wawili na hufundishika kujisaidia kwenye trei, haina nguvu. Aliyekwisha kununua kizimba cha waya afunike sehemu kubwa ya sakafu yake kwa ubao, na juu ya ubao aweke kitu laini.

Marumaru za kauri zina tatizo jingine, nalo ni utelezi. Sungura wangu Kashata akishtushwa na honi ya bodaboda huruka kukimbia, na akiwa juu ya marumaru tupu miguu ya nyuma humchomoka, mmoja huku na mwingine kule, huku kucha zikikwaruza bila kupata pa kushika. Hili si jambo la kuchekea. Mifupa ya sungura huchukua takribani asilimia 8 tu ya uzito wa mwili wake, wakati misuli ya mapaja ina nguvu nyingi, kiasi kwamba teke moja la ghafla lililokwenda vibaya linaweza kumvunja uti wa mgongo.

Hata hivyo sizifuniki marumaru zote. Sungura hupunguza joto hasa kupitia masikio, na hali ya hewa inapopita nyuzi 30, kama ilivyo kawaida yetu Januari na Februari, anahitaji mahali pa kulaza tumbo penye ubaridi. Kwa hiyo nimeacha ukanda mtupu kando ya ukuta, naye hujinyoosha hapo mchana kutwa.

Sehemu iliyobaki ndiyo yenye mjadala. Sungura hutafuna kila kitu, kwa sababu meno yake hayaachi kukua, na hana uwezo wa kutapika. Nyuzi za zulia la plastiki akizimeza zinaweza kuziba njia ya chakula, na sungura aliyeacha kula na kupata choo anahitaji daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Mikeka ya sponji yenye herufi za watoto ina hatari ileile, tena hunyofoka kwa urahisi mno. Taulo hunasa kucha kwenye vitanzi vya nyuzi zake. Kanga kuukuu ni pamba safi, ila peke yake hujikunja na kuteleza pamoja na mnyama.

Ninachokipenda mimi ni mkeka wa ukindu usiotiwa rangi, uliolazwa juu ya blanketi zito la pamba lililokunjwa mara mbili, kingo zote zikibanwa chini ya uzio wa kizimba. Msuko wake huzipa kucha pa kushika, blanketi huleta ulaini, na akiutafuna mkeka anakuwa ametafuna jani tu. Udhaifu wake ni kunyonya mkojo, ndiyo maana trei haina budi kuwa kubwa, yenye magazeti chini na nyasi kavu juu. Maranda mabichi ya msonobari siyatumii, maana harufu yake kali huwasha njia ya hewa.

Mkojo wa sungura una chokaa nyingi, hivyo huacha utando mweupe ambao sabuni haiutoi. Siki nyeupe iliyomwagiwa hapo na kuachwa dakika chache huulainisha, ukafutika kwa kitambaa. Kwenye marumaru za kauri siki haina neno, lakini terazo, yaani sakafu ya saruji iliyochanganywa na vipande vya mawe na kusuguliwa, huliwa nayo, kwa hiyo mwenye terazo awahi kufuta mkojo kabla haujakauka.