Dozi inayovuja pembeni ya koni ya elektroni

Jumapili jioni.

Katika tiba ya saratani kwa mionzi, elektroni husifiwa kwa kuishia mapema mwilini, na sifa hiyo hiyo ndiyo inayotupumbaza. Macho yote huwa chini ya uwanja wa tiba, pembeni husahaulika. Kumbe elektroni hutawanywa na foili (bati jembamba la kutandaza miale), na taya za mashine (vyuma vinavyobana miale) na hewa, na nyingine huchomoka kwenye uwazi ulio kati ya fremu za koni, kile kifaa kinachoelekeza miale hadi karibu na ngozi. Ndiyo maana dozi ya pembeni haishuki moja kwa moja: kwa baadhi ya koni hushuka, kisha hupanda tena sentimita kadhaa mbele. Ukipima nukta mbili tatu tu, unakiruka kilima hicho.

Kwa hiyo filamu kwanza, inayobadilika rangi kwa dozi, na chemba, kipimo cha umeme cha mionzi, baadaye. Tuseme elektroni za nishati ya 12 MeV, koni ya sm 10×10, uso wa fantomu (rundo la sahani za plastiki linaloigiza mwili) ukiwa sm 100 kutoka chanzo. Sahani za sm 30 hazitoshi uwanja ukikaa katikati, maana pembeni zinabaki sm 10 tu. Sogeza fantomu, uache sm 5 upande usiopimwa, na sm 10 za sahani chini ya filamu. Pima juu kabisa, kisha kwenye kina cha sm 1.

Kosa la kawaida ni kutaka yote kwa pigo moja. Ukitoa 2 Gy (grei, kizio cha dozi; cGy ni sehemu yake ya mia) katikati, 1% yake ni 2 cGy, na filamu ya EBT3 haiitenganishi vizuri na kuyumba kwa usomaji wa skana yenyewe. Piga 200 MU (vizio ambavyo mashine huhesabia mionzi inayotoa) kwa kipande cha katikati, kiondoe, kisha 2000 MU kwa kanda za pembeni peke yake. Mashine ikitoa 1 cGy kwa MU, ile 1% sasa ni 20 cGy. Gawanya kila dozi kwa MU zake, ndipo ulinganishe. Usawazishaji wa kanda za pembeni ufanywe kwa filamu za boksi hilo hilo zilizopewa dozi zinazojulikana: 0, 5, 10, 20, 40, 80 cGy. Skani baada ya saa 24, katikati ya kioo, na kona iwekwe alama kabla ya kukata. Ukanda ukigeuzwa digrii 90 usomaji hubadilika, na hakuna wa kukuambia.

Chemba bapa ya kuhakiki isomwe kwanza bila mionzi, maana mkondo unaovuja kwenye kebo waweza kulingana na unachokitafuta. Kebo yenyewe ipite mbali na uwanja.

Sasa linganisha vina viwili. Dozi ikianguka sana kutoka juu hadi sm 1, hizo ni elektroni dhaifu, na bolasi (tabaka laini linaloiga nyama ya mwili) ya sm 1 juu ya ngozi itazikata nyingi. Ikibaki karibu ile ile, yaelekea ni eksirei zilizozaliwa ndani ya metali, bolasi haitasaidia. Halafu inamisha gantri (mkono wa mashine unaozunguka mgonjwa) kama kwenye tiba ya titi, ufunge filamu ubavuni mwa koni, pale mkono au kidevu cha mgonjwa kinapokaribia.