Marseille ya Machui

Juzi usiku tunatizama mpira, mwanangu akauliza Marseille iko wapi. Mdomo ukatangulia: "Machui," kijiji cha Unguja. Akacheka mpaka akamwaga chai.

Wallahi sikuwa natania. Ndivyo alivyonifunza babu, siku aliyonipakia nyuma ya baskeli kwenda kutizama "nyumba ya vita". Njia nzima ananihadithia: Seyyid Khalid bin Said, mtoto wa Sultani wa Zanzibar, alihusudu mambo ya Kifaransa, shamba lake la Machui akaliita Marseille. Yeye akafa 1854, baba yake 1856, ndugu wakaanza kugombea kiti. Oktoba 1859 Barghash, mmoja wa ndugu hao, akatoroka mjini kajigubika shele, macho tu nje, katikati ya dada zake na wanawake waliochaguliwa warefu warefu ili asijulikane. Walinzi wakawapisha kwa adabu! (Hapo babu alicheka, baskeli nusura itutie mtaroni.) Akajifungia Marseille na Waharthi wake, Waarabu wa kabila lililomuunga mkono. Majid, nduguye aliyekuwa Sultani, akapeleka jeshi, Waingereza wakaongeza mabaharia na mizinga. Barghash akaishia Bombay, akarudi, na 1870 kiti akakipata.

Mimi nilitaraji kuona mizinga. Nikaonyeshwa kipande cha ukuta kimemezwa na majani. Babu akaegemeza baskeli kwenye mnazi, akavua kofia, akanishika mkono, akautia kwenye tundu. "Hapo ilipita risasi ya mzinga." Mkono ukaingia mpaka kiwiko. Ndani baridi, unyevunyevu, chokaa inamomonyoka vidoleni. Kitu chenye miguu mingi kikanipanda kifundoni, sikuthubutu kupiga kelele mbele ya babu. Pembeni yalikuwako matundu mengine matatu, yamejipanga sawasawa kama meno. Nikawasifu wapiga mizinga kwa shabaha.

Jioni nikagoma kunawa. Bibi akanilisha wali kwa kijiko, huku anamsema mumewe.

Miaka mingi baadaye, babu keshatangulia, fundi anatengeneza dari ya shangazi huko Mji Mkongwe. Akachomoa boriti iliyooza, likabaki tundu ukutani. Linalofuata, vilevile. Nikasogea, nikatia mkono. Mpaka kiwiko. Baridi ileile.

Fundi akaniuliza nimepoteza nini humo.

Sasa mwanangu kashikilia twende Machui, nimemwambia Jumapili. Kutwa anaupima mkono wake kwenye mdomo wa gudulia.