Seva nayo inatuma: kupeleka meseji kwenye soketi ambayo hukuifungua wewe

Kuna kitu kimoja kwenye hizi programu za kuunganisha mifumo ambacho kinachanganya watu wengi sana, na wala sio kigumu, ni vile tu hakuna anayekieleza mapema. Mtu akisikia seva kwenye mambo ya soketi, yani ile ncha ya koneksheni ambayo programu inaandikia na kusomea data, moja kwa moja anajua hiyo ni ya kupokea, inafungua poti inakaa inasubiri, klaenti anakuja anatuma data, seva inajibu, basi imeisha. Sasa siku anapewa kazi ambayo programu yake inatakiwa isubiri kwenye poti alafu hiyohiyo ndo itume meseji, anakwama. Anaanza kutafuta kwenye setingi sehemu ya kuandika IP ya anakotuma na haioni.

Haioni kwa sababu haihitajiki. Nani kafungua koneksheni na nani anatuma data ni vitu viwili tofauti kabisa, na TCP, itifaki inayobeba data kati ya kompyuta mbili, yenyewe wala haijali. Koneksheni ikishakubaliwa pande zote mbili ni sawa, kila mmoja anaweza kuandika muda wowote anaotaka. Ndo maana kwenye Mirth Connect, programu ya kuunganisha mifumo ya afya, ile TCP Listener, ambayo kazi yake ni kupokea, unaweza kuiambia iwe klaenti, yani yenyewe ndo inapiga hodi kwa mwenye data ikishafunguliwa inakaa inasikiliza. Na kwenye Spring Integration, maktaba ya Java ya kuunganisha mifumo, unaweza kuchukua adapta ya kutuma, yani kipande cha programu kinachopeleka meseji, ukaiweka juu ya koneksheni za upande wa seva, ikashea koneksheni zilezile na adapta ya kupokea.

Mpangilio huu watu hawauchagui kwa kupenda. Mara nyingi mfumo unaotaka kupokea uko nyuma ya faiwoli ambayo inaruhusu kutoka tu, kuingia hapana, au IP yake inabadilikabadilika, au ni kifaa ambacho mtengenezaji aliamua kiwe klaenti na hakuna wa kukibadilisha. Kwahiyo wao wanakuja, sisi tunatuma.

Ukishakubali hilo linakuja swali zito kuliko yote, unamtumia nani? Ukiwa klaenti una IP na poti, kama koneksheni haipo unaifungua. Ukiwa seva huna anwani ya mtu yeyote, una orodha tu ya waliounganika saa hii, na orodha hiyo inaweza kuwa na mmoja, inaweza kuwa na kumi, inaweza kuwa tupu. Spring Integration inalitatua hili kwa kukulazimisha useme, kila koneksheni ina ID yake na meseji unayotaka kutuma lazima ibebe hiyo ID kwenye heda, yani maelezo yanayoambatana na meseji, usipoiweka meseji haiendi popote, inarudi na kosa kwamba soketi ya kutokea haijapatikana. Wengi wanalalamika hapo wakidhani ni bagi. Sio bagi, programu haiwezi kukubahatishia mpokeaji, na mimi naona ni uamuzi mzuri sana kwa sababu meseji ya mtu mmoja ikienda kwa mwingine hiyo ni hatari kubwa kuliko meseji kuchelewa.

Kwahiyo unahitaji daftari lako mwenyewe ndani ya programu, huyu ni nani na ID yake ya koneksheni ni ipi. Koneksheni ikifunguka kuna tukio linatangazwa, unalisikiliza, unaandika, ikifungwa unafuta. Lakini angalia, tukio la kufunguka linakupa ID ya koneksheni, IP na poti tu, na IP sio utambulisho, klaenti watano nyuma ya ruta moja wote wanakuja na IP moja na ile poti yao inabadilika kila wakijiunga upya. Njia ya uhakika ni klaenti ajitambulishe, ama kwa cheti cha TLS (usimbaji unaolinda koneksheni) ama kwa meseji ya kwanza anayotuma akishaunganika, na mpaka ajitambulishe usimpe data yoyote. Kama kifaa hakiwezi kujitambulisha kabisa basi mpe kila mmoja poti yake, inachosha kwenye faiwoli lakini angalau hakuna kuchanganya.

Na orodha ikiwa tupu? Hapa ndo naona watu wanafanya mchezo. Meseji imekuja kutoka mfumo mwingine, inatakiwa iende kwa klaenti ambaye hayupo, programu inaandika kosa kwenye logi inaendelea na maisha, meseji imepotea. Ukiwa seva huna uwezo wa kumtafuta klaenti, unachoweza ni kusubiri tu, kwahiyo foleni sio kitu cha ziada, ni sehemu ya muundo wenyewe, na iwe foleni inayoandika kwenye diski au databesi, isiwe ya kwenye memori maana programu ikizimwa usiku imeondoka nayo. Tukio la kuunganika ndo linakuwa ishara ya kuanza kumwaga yaliyokuwa yanasubiri.

Kuhusu umbo la data sitakaa sana, ila lazima liguswe. TCP haijui meseji, inajua mkondo wa baiti, iko hivyo tangu RFC 793, hati rasmi ya TCP ya mwaka 1981, na ile mpya ya 2022, RFC 9293, haijabadilisha hilo. Ukiandika mara tatu, upande wa pili anaweza kusoma zote zimeshikana kwa mkupuo mmoja au akazipata vipandevipande, kwahiyo nyie wawili lazima mkubaliane meseji inaishia wapi. Kwenye HL7, ule muundo wa meseji za mifumo ya hospitali, wanatumia MLLP, yani namna ya kuweka mipaka ya meseji, baiti 0x0B mwanzo, kisha meseji, kisha 0x1C na 0x0D mwisho. Wengine wanatanguliza urefu kwenye baiti nne, ile yenye thamani kubwa ikitangulia, na hapo kosa la kila siku ni kuhesabu herufi badala ya baiti, kwa majaribio inapita vizuri alafu linakuja jina lenye herufi yenye alama juu, ambayo kwenye UTF-8 inakula baiti mbili, hesabu inapungua na kuanzia hapo kila meseji inayofuata inasomwa imekatwa vibaya. Pia upande unaosoma huwa na kikomo, Spring Integration kwa mfano kikomo chake cha difolti ni baiti 2048, meseji ikizidi hapo koneksheni inafungwa. Ukiona koneksheni inakatika kila ikipita meseji kubwa tu, usianze na watu wa mtandao, angalia hicho kikomo kwanza.

Sasa niseme nililotaka hasa kulisema. Kuandika kwenye soketi kukifanikiwa hakumaanishi meseji imefika. Narudia hili kila nikipata nafasi maana nimeona mifumo mingi sana inayoweka alama ya IMETUMWA mara tu baada ya kuandika. Unapoandika, baiti zinanakiliwa kwenye bafa (sehemu ya kusubiria) ya keneli, yani kiini cha mfumo endeshi, ya kompyuta yako MWENYEWE, alafu unaambiwa sawa. Hazijatoka hata nje. Klaenti akiwa amezimika kwa umeme kukatika, keneli yako haina habari, itapokea meseji yako ya kwanza, ya pili, ya kumi, itajaribu kuzipeleka itarudia na kurudia, na kwa difolti ya Linux inaweza kuchukua kama dakika 15 kabla haijakata tamaa. Dakika zote hizo programu yako inaandika imetumwa, imetumwa, imetumwa. Na hata kama ile kompyuta imewaka tena lakini programu yake haijawaka, andiko la kwanza litakubaliwa vizuri tu, ndipo itarudi RST, ishara ya TCP ya kukata koneksheni, na kosa utaliona kwenye andiko linalofuata, kwahiyo meseji iliyoletewa lawama sio ile iliyopotea.

Dawa ni moja, jibu linalotoka kwenye programu ya mpokeaji, sio kwenye TCP. HL7 walilijua hili mapema, kila meseji ina namba yake kwenye sehemu inayoitwa MSH-10 na jibu linairudisha namba hiyohiyo kwenye sehemu ya MSA-2, likiwa na AA kama imekubaliwa, AE kama kuna kosa, AR kama imekataliwa. Hata kama wewe huna uhusiano wowote na HL7 iga hapo. Meseji isitoke kwenye foleni mpaka jibu lenye namba yake lirudi, na jibu lisiporudi ndani ya muda mliopanga, itume tena. Hapo bila shaka kutatokea marudio, klaenti alipokea, akahifadhi, koneksheni ikakatika kabla jibu halijafika, wewe ukatuma tena. Kwahiyo mpokeaji naye atunze namba za meseji alizopokea, akiona imejirudia anajibu AA bila kuihifadhi mara ya pili. Hili ongea na watu wa upande wa pili MAPEMA, kabla hamjaandika kodi, maana baadae hakuna anayetaka kulisikia.

Kuna utamu wake ukituma kama seva, majibu yanarudi kwenye soketi ileile ambayo klaenti anaweza pia kuwa anatuma meseji zake mwenyewe. Yani unasoma baiti hujui bado kama ni jibu la meseji yako au ni meseji mpya. Ile staili ya andika alafu soma kinachofuata hapa inavunjika, unajikuta umechukua meseji ya mtu ukaifanya jibu. Thredi moja, yani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, isome tu muda wote, itazame kila fremu (meseji moja na mipaka yake) ni ya aina gani, ikiwa jibu ilioanishe na meseji kwa namba, ikiwa meseji mpya iipeleke kwenye njia yake. Kwenye Spring Integration hii maana yake utumie adapta mbili zinazoshea koneksheni, sio ile geti ya ombi na jibu, geti imetengenezwa kwa klaenti kuuliza na seva kujibu tu.

Na kama unaandika kodi mwenyewe hakikisha thredi mbili haziandiki kwenye soketi moja kwa wakati mmoja, fremu zitaingiliana na hutakaa uelewe kilichotokea. Mwandishi mmoja kwa kila koneksheni, na foleni yake. Faida nyingine ya hilo ni klaenti mzembe hawezi kuwakwamisha wenzake, maana klaenti akiacha kusoma bafa yake inajaa, kisha ya kwako inajaa, na kuandika kunasimama hapohapo. Kwenye Java ile setingi ya SO_TIMEOUT inahusu kusoma tu, kuandika kwenye soketi ya kawaida hakuna taimauti kabisa, thredi inaweza kuganda pale muda mrefu mno. Ukiwa na thredi moja inayozungukia klaenti wote, mmoja tu aliyelala anatosha kuwanyima wote data.

Bado kuna koneksheni mfu. Klaenti kapotea bila kuaga, hakuna FIN (ishara ya kufunga kwa adabu) hakuna RST, wewe bado unamuona kwenye orodha. TCP ina keepalive, yani kuuliza kama mwenzako bado yupo, lakini huwa imezimwa mpaka uiwashe, na ukiiwasha kwenye Linux inasubiri sekunde 7200, saa mbili nzima za kimya, ndo ianze kuuliza, kisha inauliza mara tisa kila baada ya sekunde 75. Wakati huohuo faiwoli za katikati zinasahau koneksheni zilizo kimya mapema kuliko hapo. Kwahiyo ama punguza hizo namba, kwenye Java kuanzia toleo la 11 unaweza kuziweka kwa kila soketi, ama weka salamu fupi kwenye itifaki yenu yenyewe, kila sekunde 30 hivi, isipojibiwa mara mbili tatu funga koneksheni. Mimi nachagua salamu kwa sababu inapima programu ya upande wa pili, sio keneli yake tu.

Na klaenti yuleyule akirudi na koneksheni mpya huku ile ya zamani bado iko kwenye daftari, mpya ishinde. Ifunge ya zamani, chukua meseji zote zilizokuwa hazijajibiwa, zitume upya kwenye mpya. Nimeona mifumo inayofanya kinyume, inakataa mpya kwa sababu eti klaenti huyo tayari ameunganika, klaenti wa watu anagonga mlango kwa saa mbili nzima anakataliwa kwa ajili ya soketi yake mwenyewe iliyokufa.

Ukija kujaribu haya yote usijidanganye kwa kuua programu ya klaenti ukaona seva imegundua haraka ukaridhika. Ukiua programu, keneli ya kompyuta ile bado iko hai na inafunga koneksheni kwa adabu, inatuma FIN au RST, hiyo ndo ajali nyepesi kuliko zote. Weka sheria ya faiwoli inayomeza paketi kimyakimya, DROP sio REJECT inayojibu kwamba imekataa, kwenye mashine ya klaenti, pande zote mbili, alafu endelea kuingiza meseji kwenye foleni. Angalia seva inachukua muda gani kumtoa kwenye daftari, angalia hakuna meseji hata moja iliyowekwa alama kwamba imefika. Kisha toa ile sheria, subiri ajiunge, na ulinganishe namba za meseji pande zote mbili, zote zipo, hakuna iliyohifadhiwa mara mbili, na zile za zamani zimetangulia zilizoingia baadae.