Tulivyokwenda Yuzawa kuteleza kwenye theluji kwa pesa ya mwanafunzi

Watu watatu, wote wenyeji wa Tokyo wa siku nyingi, walinihakikishia kwamba snoubodi, yaani kuteleza kwenye theluji juu ya ubao mmoja, si mchezo wa wanafunzi. Mmoja alinipigia hesabu kabisa: yen 60,000 kwa wikendi, la sivyo nibaki chumbani. Kwa neno lake nikaacha msimu mzima upite, na hilo linaniuma hadi leo. Februari iliyofuata tulikwenda Yuzawa, mji wa milimani mkoani Niigata, wanne, wakiwemo dada wa Bukoba na kaka wa Mombasa, siku mbili na usiku mmoja, na hakuna aliyemaliza yen 30,000.

Pesa tuliiokoa kwenye treni. Shinkansen, treni ya mwendo kasi, inakufikisha Echigo-Yuzawa, stesheni ya mji huo, kwa saa moja na ushei, lakini nauli yake ni kama mara mbili ya treni za kawaida. Sisi tulitoka stesheni ya Ueno, Tokyo, alfajiri hadi Takasaki, tukabadilisha, tukafika Minakami, tukabadilisha tena. Zaidi kidogo ya yen 3,000 kila mmoja. Angalieni ratiba mapema, kwa sababu kutoka Minakami kwenda mbele treni ni za kuhesabu kwa siku.

Na wanaopita kwa Shinkansen hawaoni yote tuliyoyaona sisi. Takasaki kulikuwa na jua na ardhi kavu. Baada ya Minakami treni ikaingia kwenye handaki la Shin-Shimizu, kilomita 13 na zaidi, ndani yake mna hata stesheni, Doai, chini kabisa ya mlima. Tulipotoka upande wa Niigata, mapaa yalikuwa hayaonekani. Theluji ilikuwa imepanda kuta hadi madirishani. Upepo wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, hujaa unyevu, kisha hugonga milima hii na kuutua mzigo wote hapo. Dada wa Bukoba alielewa kabla sijamaliza kueleza: ndivyo ziwa linavyowamwagia mvua wao kwao.

Tulichukua tiketi ya nusu siku ya lifti, vile viti vya kamba vinavyokupandisha mlimani, maana anayejifunza hana nguvu za siku nzima. Hapo ndipo ushauri mwingine mbaya uliponitesa. Niliambiwa, "Ukiogopa, egemea nyuma, upande wa mlima." Nikaegemea. Ubao ukakimbia mbele, nikakaa chini kwa kishindo. Nikainuka, nikaegemea, nikakaa. Nikajaribu kugeuka, ukingo wa upande wa bonde ukanasa kwenye theluji, nikatupwa kama gunia. Saa nzima hivyo. Kaka wa Mombasa alikuwa ameshaufungua ubao wake na kusema anarudi chini kwa miguu.

Mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa akipita na skii, zile mbao mbili nyembamba, alisimama. Hakujua Kiingereza, na Kijapani chetu ni cha darasani. Akanyoosha kiganja, akakishusha polepole hewani, kushoto, kulia, kushoto. "Konoha," akasema. Jani la mti! Akatusimamisha tukiwa tumeelekea bondeni, magoti yamekunjwa, tumekanyaga kwa visigino tu, tukaanza kushuka kwa pembeni kama jani linalopeperuka. Ukitaka kwenda kushoto, tazama kushoto, uzito uhamie mguu wa kushoto. Ukitaka kusimama, kandamiza visigino. Dakika ishirini, na sote wanne tukafika chini bila kuanguka. Tulimwinamia babu yule, tukamshukuru mpaka akaona haya.

Anayeanza na aanze na jani. Kugeuka kutakuja.

Nguo: koti na suruali nilinunua kwenye duka la mitumba, yen 2,000 na kitu. Jinzi na sweta za pamba msivae, zinalowa na zinagandisha. Ubao na buti tulikodi. Glovu nunueni nzuri, hapo msibane. Na ulizeni kwanza kama mlima unaruhusu ubao, kwani ipo inayopokea skii peke yake.

Chakula cha mlimani kinakula pesa, na wali wa kari mara nyingi una nguruwe, kwa hiyo yule kaka asingekula. Dada alipika chapati Ijumaa usiku. Nikazifunga kwa foili pamoja na vifuko vya kairo, vile vya kupasha mikono, nikaziweka mfuko wa ndani wa koti. Saa saba mchana, baridi chini ya sifuri, tulikula chapati za moto kwenye benchi, nami nimepata joto kifuani tangu asubuhi. Wazo hilo ni langu na ninalionea fahari.

Tulilala minshuku, nyumba ndogo ya wageni ya kifamilia, chumba kimoja, magodoro sakafuni, yen 5,000 hivi na staftahi ndani. Jioni tukaenda bafu la maji ya chemchemi kulainisha magoti.

Jumapili niliunganisha migeuko minne, kisha saba, kisha nikashuka njia nzima ya wanaoanza kutoka juu hadi mlango wa lifti. Kaka wa Mombasa alinipita njiani akipiga kelele, "Tazama kushoto! Kushoto!" Saa nane tukarudisha mbao, kuiwahi treni ya Minakami. Ilikuwa imebaki chapati moja, tukaigawana wanne handakini.