Kima na Sanamu za City Park

Tumerudi sasa hivi kutoka City Park, bustani ya umma pale Parklands, Nairobi. Viatu bado vina vumbi.

Nilitaka tu watoto waone kima. Wako tele, wanashuka mitini hadi karibu na miguu yako.

Lakini mama yangu akasema, "Kwanza twende tukamsalimie Murumbi."

Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, amezikwa humo pamoja na mkewe Sheila, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1965. Kuna sanamu za wasanii wetu wa Afrika Mashariki, wakiwemo Elkana Ong'esa na Francis Nnaggenda.

Kitinda mimba wangu akaweka kiganja kwenye jiwe. Hakukitoa. Akaninong'oneza, "Mama, limelala?"

Hapo hapo kima akaja, mtoto wake amemkumbatia tumboni, akaketi juu ya sanamu ya pembeni akitutazama.

Hakuna aliyesema neno. Hata mama, ambaye hanyamazi!

Miaka yote niliyoishi Nairobi sijawahi kufika kona ile. Imeniuma kidogo.

Nanyi mmewahi kufika? Mlienda na nani?