Jiko la mkaa lilivyoniangusha darasani

Wiki ya tatu ya kufundisha, nusu ya darasa langu walikosa swali moja: kinu cha nyuklia kimezimwa, fimbo zote za kuzuia mpasuko wa urani zimeshuka, kwa nini pampu ziendelee kuzungusha maji? Wengi waliandika, "kwa tahadhari".

Hapa ni Goose Creek, South Carolina, ambako Jeshi la Wanamaji la Marekani huwafunza vijana watakaoendesha vinu vya nyuklia ndani ya nyambizi na manowari zinazobeba ndege. Wengi wametoka sekondari juzi. Kwa miezi sita wanabebeshwa hesabu, fizikia, kemia na mwendo wa joto. Madaftari hayatoki nje ya jengo, hivyo hata kujisomea usiku ni humo humo. Anayesinzia husimama nyuma ya darasa.

Kosa lilikuwa langu. Niliwamwagia milinganyo tu. Safari hii nikaanza na jiko la bibi yangu Tanga: sufuria ya maharage imeshaepuliwa, hakuna anayepepea, lakini mkaa bado unaunguza. Wakacheka. Nikajiona fundi.

Binti mmoja aliyesimama kule nyuma akanyoosha mkono. "Afande, si unamwagia mchanga tu?"

Nikakwama. Mkaa ukinyimwa hewa unazimika. Mabaki ya urani iliyopasuka hayana cha kunyimwa: yanaoza yenyewe na kutoa joto, utake usitake. Kinu kikizimwa tu, joto hilo ni kama asilimia 6 ya nguvu yake yote, kisha hupungua, haraka mwanzoni, halafu polepole.

Nikafuta ubao, nikawaachia hesabu. Kinu cha kubuni cha megawati 100 za joto, pampu zimesimama, maji tani 20: yatapanda digrii ngapi kwa dakika? Walipopata zaidi ya 4, darasa likanyamaza. Hapo ndipo nikawasimulia ajali ya kituo cha umeme wa nyuklia cha Three Mile Island, hapa Marekani, Machi 1979: kinu kilijizima ndani ya sekunde chache, na bado saa chache baadaye sehemu ya kiini chake ikayeyuka kwa kukosa maji.

Mtihani uliofuata nikalirudisha swali lile. Yule binti aliandika: "Kwa sababu mkaa huu hauzimwi kwa mchanga." Mwongozo wa kusahihisha ulitaka na asilimia, nikamkata nusu alama. Jioni ile ile alikuja kuidai.